Ilikuwa Ifike Sake Tu

Ukiligonga kwa spana, bomba la mkono wa nyuma
linapaswa kulia kama kengele.
Hili lilikohoa.
Nikachukua bisibisi, nikasukuma kidogo, bila hasira,
ikazama hadi kwenye mpini,
kutu ikanimwagikia kiatuni,
nyekundu, laini, kama unga wa mtama.

Byamungu akasema: "Paka rangi tu, Kavugho.
Jumatatu napanda Masisi."

Rangi!
Hapa Ndosho moshi wa mlima hutafuna mabati mapya
kabla mwenye nyumba hajamaliza deni la misumari.
Mvua inashuka na uchachu wake,
inaingia bombani, inakaa kimya kama mgeni asiyeaga,
inakula kutoka ndani kuja nje.
Wewe unaona rangi inang'aa.
Chuma kilishahama.

Basi nikailaza AG ubavu juu ya gunia,
kwenye haya mawe yetu meusi yasiyojua kulala sawa.
Shokapu ya kushoto ilitoka bila maneno.
Ya kulia ilitoka vipande vipande.
Ila bolti ya egemeo,
ile ndefu ipitayo ubavu hadi ubavu,
inayobeba gurudumu na abiria na viazi vya watu,
hiyo ilikataa.

Siku ya kwanza niliinywesha dizeli.
Siku ya pili, dizeli na moto.
Siku ya tatu niliitukana kwa Kinande,
maana matusi ya Kiswahili yalikuwa yameniishia.
Nyundo ya kilo mbili, kipande cha mkaratusi katikati,
Shukuru ameshika kurunzi, anahesabu:
arobaini na moja, arobaini na mbili,
ikapiga ukelele mdogo
ikasogea
unene wa ukucha.

Ndani, pale bushi ilipopaswa kuwa,
nikakuta bati la kopo la maziwa ya unga
limekunjwa mara mbili,
pembe zimepigwa nyundo zisiume.
Naijua mikunjo hiyo.
Mtu hasahau mwandiko wake.

Usiku ule mlima ulipofunguka
mbingu ilikuwa nyekundu mpaka upande wa Gisenyi.
Byamungu, ndevu hazijaota, aliisukuma pikipiki hii hii
hadi mlangoni kwangu, gurudumu linayumba kama mlevi,
mama yake juu, godoro juu ya mama,
kuku wawili ndani ya kapu.
Nani angefungua duka la vipuri Birere saa hiyo?
Nilimwaga maziwa ya mwanangu kwenye sufuria,
nikakata kopo.
Nikamwambia: itakufikisha Sake. Usiipeleke mbele zaidi.

Ikafika Sake. Ikafika Masisi, ikafika Kitshanga,
ikarudi, ikaenda tena, msimu juu ya msimu,
na mimi nikapita nayo njiani mara ngapi
nikidhani nimesikia mlio wa kawaida.

Fundi mwingine angejisifu hapa.
Mimi niliona haya, nikacheka, nikaona haya tena:
bati lile ndilo lililozuia maji yasitoke.

Nimekata bomba mpaka pale chuma kinapoanza kulia.
Nimechomelea kipande cha bomba la maji, nene, la zamani,
nikatoboa tundu kwa chini, mvua ipate mlango wa kutokea.
Bushi ni ya shaba, imechongwa Birere, dola saba,
grisi hadi imefurika, nikaifuta kwa kidole,
nikakipaka kidole kwenye suruali, tabia mbaya.

Jumapili jioni Byamungu akaja na viatu vya misa.
Akakalia kiti, akajibonyeza kwa uzito wake wote:
ikashuka, ikapanda mara moja, ikatulia.
Hakusema asante. Alibonyeza tena,
kama mtoto.
Kisha akaliona lile bati juu ya benchi.
"Nitupe hii takataka?"
"Iache hapo," nikasema.

Na rangi?
Nimepaka, ndiyo.
Mwisho wa yote. Kidogo.